Kiini kinavuja, nishati haitulii: kutafuta chanzo cha hitilafu katika uigaji wa migongano ya viini vizito

Programu imefika mwisho bila kutoa kosa, faili limejaa nambari, lakini dhahabu iliyogonga dhahabu imetawanya nukleoni (protoni na nyutroni) nyingi kuliko majaribio yanavyoonyesha, au mtiririko umeelekea upande usiotarajiwa. Kishawishi cha kwanza ni kugusa mlinganyo wa hali, yaani uhusiano wa nishati ya maada ya kiini na msongamano wake: kuulainisha, kuukaza, kubadilisha eneo la mgongano (kipimo cha uwezekano wa nukleoni mbili kugongana), mpaka mchoro ukubaliane na data. Usifanye hivyo. Katika QMD, yaani mienendo ya molekuli ya kikwanta, ambamo kila nukleoni ni wingu dogo linaloitwa pakiti ya Gauss, kasoro nyingi zinazojitokeza mwishoni zimezaliwa kabla viini havijagusana. Ukizifunika kwa kubadilisha fizikia, utapata jibu linalofanana na ukweli kwa sababu isiyo ya kweli, na mfumo unaofuata utakuumbua.

Kwa hiyo dalili zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia kiini kimoja kilichotulia, kisha nishati, kisha migongano, na uchambuzi mwishoni. Anayeruka hatua za mwanzo hulazimika kuzirudia.

Kwanza, hesabu ya karatasi

Chukua potenshali ya kawaida ya Skyrme, U = α(ρ/ρ0) + β(ρ/ρ0)^γ, ambapo ρ ni msongamano na ρ0 ni ule wa kawaida, pamoja na vigezo vya mlinganyo laini (K, kipimo cha ugumu wa maada kubanwa, ni 200 MeV): α = −356 MeV, β = 303 MeV, γ = 7/6. Nishati kwa kila nukleoni si U yenyewe. Ni α/2 + β/(γ+1) kwenye msongamano wa kawaida wa nukleoni 0.16 kwa fm³ (fm, femtomita, ni mita 10⁻¹⁵). Hiyo ni −178 + 139.8, karibu −38 MeV. Ongeza nishati mwendo ya Fermi, ambayo kwa wastani ni 22 MeV, na unapata −16 MeV, kama inavyotakiwa kwa maada ya kiini. Vigezo vya mlinganyo mgumu (K = 380 MeV), yaani −124, 70.5 na 2, vinakufikisha karibu pale pale.

Sasa iulize programu yako swali hilo hilo. Ikikupa nambari iliyo mbali, angalia mambo mawili kabla ya mengine yote. Je, kila jozi imehesabiwa mara mbili kwa sababu nusu imesahaulika? Na je, nukleoni inajihesabu yenyewe, yaani i = j imebaki ndani ya jumla?

Upana wa pakiti ya Gauss nao una mtego wake. Baadhi ya maandishi huandika msongamano wa nukleoni kama exp(−2r²/L) na kutumia L = 4.33 fm². Mengine huandika exp(−r²/2L) na kutumia L = 1.08 fm². Ni upana ule ule, mchepuko wa 1.04 fm. Anayechukua 4.33 akaiweka kwenye fomula ya pili anaongeza upana maradufu, na kiini kinakuwa na ngozi nene na mfungamano hafifu. Kumbuka pia kwamba katika nishati ya jozi, pakiti mbili zinapokutana mraba wa upana huongezeka maradufu. Kwa mtindo wa pili inakuwa exp(−r²/4L), na kigawanyo cha mbele nacho hubadilika. Wengi hubadilisha kipeo na kusahau kigawanyo.

Dalili: kiini kilicho peke yake kinatoa nukleoni

Huu ndio mtihani mkuu. Weka kiini kimoja cha dhahabu, bila mwenzake, bila migongano ya nukleoni kwa nukleoni, ukiache kwa 300 fm/c (fm/c moja ni takriban sekunde 3.3×10⁻²⁴). Fuatilia kipenyo-nusu cha wastani wa mraba, nishati ya mfungamano, na idadi ya nukleoni zilizotoroka. Kwenye maumbile, mfungamano wa dhahabu-197 ni 7.92 MeV kwa nukleoni, na kipenyo-nusu cha chaji yake ni 5.44 fm. Usitegemee kuzipata nambari hizo kwa desimali zote, ila kiini kisichotulia karibu nazo kisipelekwe kwenye mgongano wowote.

Wakati wa uvujaji ndio unaokuambia chanzo.

Zikitoroka mapema, ndani ya 50 fm/c za kwanza, kosa liko kwenye utayarishaji. Mara nyingi momenta zimechaguliwa kutoka tufe moja la Fermi lenye 263 MeV/c kwa nukleoni zote, zikiwemo zile za ngozi. Momenta hiyo ni nishati mwendo ya karibu 37 MeV. Katikati ya kiini potenshali inatosha kuizuia, lakini pembezoni haitoshi. Tumia momenta ya Fermi ya mahali husika, p = ħ(3π²ρ/2)^(1/3), ukikataa kila nukleoni ambayo jumla ya nishati yake ni chanya. Baada ya kuchagua, ondoa mwendo wa kitovu cha masi na momenta ya mzunguko. Kiini kinachozunguka huvuja kwenye ikweta yake, na mchoro wa kipenyo-nusu peke yake hautakuonyesha hilo.

Kikipumua, yaani kipenyo-nusu kikipanda na kushuka kwa mpigo, umekiweka kwenye msongamano ambao potenshali yako haiutaki. Usilazimishe kipenyo cha vitabuni. Tafuta kipenyo ambacho nishati ni ya chini kabisa kwa vigezo na upana wako, kisha anzia hapo. Tayarisha viini vingi, uhifadhi vilivyofaulu tu. Kazi hiyo ya kuchuja hufanywa mara moja, na faili lake utalitumia kwa miezi.

Uvujaji wa polepole ndio mgumu. Nukleoni moja inatoka, baadaye nyingine, na kupunguza hatua ya muda hakusaidii chochote. Hapa hakuna kosa la uandishi wa programu. Mfumo wa kikale hauijui kanuni ya Pauli, inayozuia nukleoni mbili zinazofanana kukaa katika hali moja: hali yake ya chini kabisa ni fuwele yenye momenta sifuri, na ile nishati ya Fermi uliyoiweka mwanzoni ni joto tu machoni pa milinganyo ya Hamilton. Nukleoni zinagawana nishati hiyo hadi zifuate mgawanyo wa kikale wa Boltzmann, na mara kwa mara moja hupata fungu la kuitoa nje. Tiba zinazojulikana ni tatu. Ya kwanza ni potenshali ya Pauli, kama ile ya Dorso, Duarte na Randrup ya 1987, inayozisukuma nukleoni zilizo karibu kwenye nafasi ya awamu (mahali na momenta kwa pamoja). Ya pili ni kizuizi cha CoMD (mienendo ya molekuli yenye sharti), kilicholetwa na Papa, Maruyama na Bonasera mwaka 2001, ambacho hubadilisha momenta pale ujazo wa seli ya nafasi hiyo unapozidi 1. Ya tatu ni AMD (mienendo ya molekuli yenye antisimetria), ambamo wimbi zima ni la kiantisimetria tangu mwanzo, kwa gharama kubwa zaidi ya hesabu.

Ushauri wangu ni huu: kwa nishati za MeV mia kadhaa kwa nukleoni kwenda juu, QMD ya kawaida iliyotayarishwa vizuri inatosha, kwa kuwa kishindo chenyewe kinaisha kabla uvujaji haujawa na maana. Kwa 30 hadi 50 MeV, ambako unasubiri fm/c mamia ili vipande vitengane, haitoshi. Chagua mojawapo ya tiba hizo. Na ukichagua potenshali ya Pauli, kumbuka kwamba inategemea momenta, hivyo mwendokasi si p/m tena. Nukleoni inaweza kuwa na momenta kubwa huku imesimama. Anayepima jotoridi kwa p²/2m katika mfumo kama huo atadhani kiini baridi kinachemka.

Dalili: jumla ya nishati haitulii

Chora nishati dhidi ya muda. Mstari unaopanda kwa mteremko laini na mstari unaopanda kwa ngazi ni magonjwa tofauti.

Ngazi hutokea kwenye migongano. Baada ya nukleoni mbili kutawanyika, momenta zao mpya zinahifadhi nishati mwendo, lakini kama potenshali inategemea momenta, nishati ya potenshali imebadilika ghafla. Tafuta ukubwa wa momenta ya mwisho unaorudisha jumla ya nishati mahali pake, na mgongano usiokuwa na suluhisho ukatae.

Mteremko laini una sababu mbili, na kuzitenganisha ni rahisi: punguza hatua ya muda kwa nusu. Mbinu ya Verlet, njia ya kawaida ya kusogeza chembe hatua kwa hatua, ina kosa linaloenda na mraba wa hatua, kwa hiyo likishuka hadi robo, tatizo ni hatua yenyewe. Kwa potenshali hizi, 0.2 hadi 0.5 fm/c kwa kawaida inatosha. Lisiposhuka, kani yako si mteremko wa nishati yako. Sogeza nukleoni moja kwa fm 0.0001 mbele na nyuma, pima badiliko la nishati ya mfumo mzima, ligawe kwa umbali, kisha linganisha na kani ambayo programu inadai. Fanya hivyo kwa kila neno la Hamiltonia (fomula ya jumla ya nishati ya mfumo) peke yake. Dakika chache za jaribio hili huokoa wiki za kubahatisha.

Mkosaji wa kawaida ni neno la ρ^γ. Nukleoni i ikisogea, si ρ ya mahali pake tu inayobadilika, bali pia ρ ya kila jirani. Kani sahihi ya jozi ina jumla ya ρ_i^(γ−1) na ρ_j^(γ−1). Ukiacha moja, kani ya i juu ya j hailingani tena na ya j juu ya i, na jumla ya momenta ya mfumo inaanza kuhama. Kwa hiyo chora momenta pia. Nishati ikihama huku momenta imetulia, chanzo ni kingine. Zikihama zote mbili, fungua neno hili kwanza.

Kwa potenshali zinazotegemea momenta, Verlet rahisi haifai kabisa, kwa kuwa Hamiltonia haitengani tena kuwa sehemu ya nafasi na sehemu ya momenta. Tumia Runge-Kutta ya daraja la nne, au mbinu ya katikati ya hatua inayorudiwa mpaka itulie. Kiwango ninachokubali mimi ni mhamo usiozidi 0.1 MeV kwa nukleoni katika 200 fm/c. Kinachotafutwa kwenye vipande ni msisimko wa MeV chache kwa nukleoni, na mhamo wa MeV moja unaumeza.

Dalili: migongano ni mingi mno

Anza na vipimo. Milibani 10 ni fm² 1. Eneo la 40 mb ni fm² 4, na umbali wa kugongana, mzizi wa σ/π, ni 1.13 fm. Anayesoma 40 kama fm² anapata 3.6 fm, na kila nukleoni inagonga majirani zake wote. Kwa nishati ndogo eneo huru la nukleoni mbili hukua sana, ndiyo maana programu nyingi hulikatia kwenye 55 mb.

Pili, jozi ile ile isigongane tena kwenye hatua inayofuata. Baada ya kutawanyika bado ziko karibu, na bila alama ya kuzizuia hadi mojawapo igonge nyingine, idadi inavimba bila sababu. Umbali wa chini kabisa upimwe kwenye fremu ya kitovu cha masi ya jozi yenyewe, si ya maabara.

Kisha rudi kwenye kiini kilichotulia, safari hii ukiwasha migongano. Katika kiini baridi hali zote za chini zimejaa, hivyo karibu kila jaribio linapaswa kuzuiwa. Ikipita zaidi ya moja kwa kumi, kizuizi cha Pauli hakifanyi kazi na kiini kinapikwa kutoka ndani. Kagua haya. Je, unajumlisha nukleoni za isospini moja tu (protoni peke yake au nyutroni peke yake), ukigawa kwa mbili kama hufuatilii spini? Je, nukleoni inayohukumiwa imeondolewa kwenye hesabu ya ujazo? Mchango wa pakiti moja ya Gauss katikati yake yenyewe ni 8, kwa kipimo ambacho 1 ni kujaa. Kwa hiyo ikijihesabu kwenye momenta yake mpya inajizuia yenyewe daima, na dalili inageuka: hakuna mgongano hata mmoja, viini vinapenyana kana kwamba havioni.

Hata ukiyafanya yote sawasawa, itabaki hitilafu ambayo ni ya asili. QMD ina pakiti moja kwa kila nukleoni, kwa hiyo ujazo uliokokotolewa huyumba sana kutoka mahali hadi mahali. Panapozidi 1 tunaukata uwe 1. Panapopungua hatuongezi kitu. Wastani wa kizuizi unabaki chini ya unaotakiwa. Ulinganisho wa programu mbalimbali ndani ya kisanduku chenye mipaka inayojirudia, uliochapishwa 2018, uliionyesha tabia hii waziwazi. Programu za familia ya BUU (mlinganyo wa Boltzmann-Uehling-Uhlenbeck) hupunguza kuyumba kwa kutumia chembe nyingi za majaribio kwa kila nukleoni, ila zinalipia kwa kupoteza mitikisiko inayozaa vipande. Hapa usitafute kosa. Pima ukubwa wa athari kwenye kisanduku, uutaje pamoja na matokeo.

Dalili: vipande havifanani na majaribio

Utambuzi rahisi huunganisha nukleoni zilizo karibu kuliko 3 fm hivi na zenye tofauti ya momenta chini ya 250 MeV/c. Unafaa, lakini hauna akili ya nishati.

Kipande kimoja kikubwa mno kwenye 80 fm/c kinamaanisha umesoma mapema, wakati maada bado imebanana. Endelea hadi 200 au 300, na uhakikishe hesabu ya vipande imeacha kubadilika. Vipande vya nyutroni tupu vinamaanisha hukuangalia mfungamano. Kokotoa nishati ya kila kipande, na kile chenye nishati chanya kivunje.

Nukleoni moja-moja zikiwa nyingi na vipande vya kati, vile vya Z kuanzia 3, vikiwa haba, rudi kwenye mtihani wa kiini kimoja, kwa sababu uvujaji hula vipande baada ya kuzaliwa. Halafu kagua upana wa pakiti. Pakiti pana hulainisha msongamano, na mitikisiko inafifia.

Chembe za alfa ni kesi ya peke yake. Mfungamano wa alfa ni 28.3 MeV, na QMD ya kawaida haiwezi kuuzalisha kutoka pakiti nne za Gauss na potenshali ya wastani. Kwenye migongano kama ya zenoni na bati kwa 50 MeV kwa nukleoni, iliyopimwa na kifaa cha INDRA huko GANIL, Ufaransa, alfa ni nyingi sana. Programu yako ikizikosa, usizunguke na K wala na umbali wa kuunganisha. Kinachokosekana ni uhusiano wa kikwanta wa makundi madogo, na matoleo ya AMD yaliyoongezewa makundi ndiyo yanayolishughulikia.

Ukipeleka vipande vyenye joto kwenye programu ya uvukizi kama GEMINI, nishati ya msisimko iwe tofauti kati ya kipande na hali ya chini ya kiini hicho kwa Hamiltonia yako, si kwa majedwali ya masi. Programu yako ikikosea mfungamano kwa MeV 1 tu kwa nukleoni, kipande cha nukleoni 100 kitapewa MeV 100 za bandia, na kitavukiza nyutroni kadhaa ambazo hazikupaswa kutoka.

Dalili: mtiririko wa pembeni ni dhaifu, au umegeuka

Mtiririko wa pembeni ni momenta ya nukleoni kuelekea upande mmoja kwenye bapa la mgongano. Kwa nishati ndogo mvuto hushinda na mtiririko ni hasi. Kwa nishati kubwa msukumo hushinda. Kwa dhahabu na dhahabu vinasawazika karibu na 42 MeV kwa nukleoni. Ukipata sifuri kila mahali, huenda umezungusha matukio kwa pembe nasibu kisha ukajumlisha momenta za x bila kuyarudisha kwenye bapa lao. Ukipata alama iliyogeuka kwa nishati zote, angalia ni kiini kipi umekiweka upande wa +b/2, ambapo b ni umbali wa kupishana kwa vitovu vya viini.

Umbali wa kupishana b usichaguliwe kwa usawa kati ya sifuri na mwisho. Uwezekano wake unakua pamoja na b, kwa hiyo tumia b = b_max√ξ, ambapo ξ ni nambari nasibu kati ya 0 na 1 na b_max ya dhahabu ni karibu 14 fm. Kosa hili hujaza sampuli matukio ya katikati, na hakuna kipimo cha nishati kitakachokuonya.

Nafasi ya kuanzia ina uzito kwa nishati ndogo. Ukiweka viini viwili vya dhahabu vitovu vikiwa 16 fm mbali, kisha ukavipa mwendokasi wa kutoka mbali kabisa, umeongeza nishati ya Coulomb ya 1.44 × 79² / 16, takriban MeV 560, zaidi ya MeV 1 kwa nukleoni. Ipunguze kutoka nishati mwendo, na uvielekeze kwenye njia ya Rutherford. Kwa nishati kubwa shida ni nyingine. Kwa GeV 1 kwa nukleoni kila kiini kinabanwa kwa kipeo cha 1.24 kwenye fremu ya kitovu cha masi. Ukibana nafasi za nukleoni ukaacha pakiti zikiwa duara, msongamano wa mwanzo unapanda kabla ya mgongano, na shinikizo la bandia linazaa mtiririko wa bandia. Umbali unaoingia kwenye nishati ya jozi lazima nao uzingatie mwendo.

Yote yakiwa safi na mtiririko bado ni dhaifu kwa MeV mia kadhaa, angalia kama potenshali yako inategemea momenta. Imejulikana tangu 1987 kwamba mlinganyo laini wenye utegemezi huo hutoa mtiririko unaokaribia ule wa mlinganyo mgumu usio nao. Anayekaza K hadi 380 ili kuifuata data anaweza kuwa anaziba pengo la neno lililokosekana. Mitetemo ya viini kwenye maabara huashiria K ya karibu 240.

Dalili: maada kwenye kisanduku inaganda mabonge

Kisanduku cha 20 fm kila upande chenye nukleoni 1280 kina msongamano wa 0.16 kwa fm³. Punguza nukleoni hadi nusu na zitajikusanya, kanieneo ikawa hasi njiani. Hiyo ni fizikia: chini ya takriban 0.6 ya msongamano wa kawaida, maada baridi iliyosambaa sawasawa haina uthabiti. Ukitaka kupima maada iliyosambaa sawasawa, kaa juu ya hapo au ipashe joto.

Kinachohitaji mashaka ni umbo la mabonge. Fito, bapa na mirija hutarajiwa kwenye gamba la nyota za nyutroni, pale mvuto wa nyuklia unaposhindana na Coulomb. Lakini kisanduku kinachojirudia huzaa maumbo hayo hata Coulomb ikizimwa, kwa sababu tu bonge moja hupunguza uso wake kwa kujiunga na nakala zake ng'ambo ya mpaka. Ukiona muundo mmoja tu ndani ya kisanduku, shuku. Ongeza nukleoni mara nane kwa msongamano ule ule. Muundo wa kweli unabaki na unene wake na unajirudia mara kadhaa, wa bandia unavimba pamoja na kisanduku.

Coulomb yenyewe haiwezi kukatwa tu kwenye nusu ya kisanduku kama kani ya nyuklia. Weka mandharinyuma ya elektroni inayosawazisha chaji na utumie jumla ya Ewald (mbinu ya kujumlisha Coulomb ya nakala zote za kisanduku), au tumia potenshali iliyofifishwa. Baadhi ya mifano maarufu huchukua urefu wa kufifia wa 10 fm ili hesabu iwezekane. Urefu huo ukikaribia nusu ya kisanduku, nakala zinaanza kuhisiana. Badilisha urefu wa kufifia na ukubwa wa kisanduku kila kimoja kwa wakati wake, ukiandika unene wa bapa kwa kila jozi ya thamani.